Ufunguo Uliolala Juu ya Bandari

Ramani za Mji wa Kale wa Mombasa zinazochapwa siku hizi kwa karatasi moja zina mazoea yanayofanana. Nyumba, misikiti na vichochoro vimebanana upande wa kushoto. Upande wa kulia ni buluu tupu, na juu ya buluu hiyo zimewekwa ufunguo, skeli, dira, nembo za wafadhili, pengine na picha ya Ngome ya Yesu. Sababu ya kwanza ni umbo la mahali penyewe. Mji wa Kale umeegemea ufuo wa mashariki wa kisiwa na kuutazama mlango wa maji unaoelekea Tudor, kwa hiyo fremu yoyote ya mstatili inayouzingira mji itachota na maji mengi. Mpangaji wa ukurasa akiona nafasi huitumia. Anaburuta kisanduku cha ufunguo hadi kwenye buluu, anakipaka rangi nyeupe nyuma ili maandishi yasomeke, na kazi imekwisha.

Nataka kukisoma kisanduku hicho kwa umakini ule ule tunaoupa ubeti wa shairi. Kwangu, pale ufunguo unapokaa ndipo ramani inapotamka imechorewa nani, na Mombasa imetamkiwa majibu tofauti tangu karne ya 16.

Tuanze na kilicho chini yake. Kuna Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Ghuba na Bara Hindi yalitia nanga kwa karne nyingi, yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Kuna Ngazi za Leven, zinazoshuka kutoka mjini hadi majini. Ufunguo ukipanuka kidogo tu, ngazi hukatwa katikati na kuonekana kama haziendi popote. Mbele ya Ngome kuna mahali ilipozama Santo António de Tanná, manowari ya Kireno, mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira Ngome katika vita vilivyoanza 1696 na kwisha 1698 Wareno walipotolewa. Mabaki yake yalichimbuliwa kati ya 1977 na 1980 na wanaakiolojia wa chini ya maji wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Kenya. Vitu vilivyotoka humo vimo katika jumba la makumbusho ndani ya Ngome. Mgeni anaviona kwenye kabati za vioo, kisha akifungua ramani yake atafute vilitoka wapi, pale mahali anakuta orodha ya alama: msikiti, benki, hoteli, choo.

Haikuwa hivi daima. Mwaka 1572, mjini Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, mkusanyiko wa mandhari za miji ya dunia. Mombasa imo, lakini haikupewa ukurasa wake. Nusu ya juu ya bamba imechukuliwa yote na Aden. Nusu ya chini imegawanywa vyumba vitatu, Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala, bega kwa bega. Huu ni mpangilio wa ukurasa kwa maana kamili: vipengee vinne, ukubwa wa aina mbili, safu mbili. Mtu asiyejua kusoma Kilatini hata neno moja angeelewa kwamba mmoja ni mkubwa na watatu ni wa kundi. Linalonigusa zaidi ni mstari wa fremu. Kutoka Mombasa hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi Sofala, ni mamia ya maili za bahari, zile zile zilizowapa watu wa miji hiyo biashara, dini na ndugu. Katika bamba, umbali wote huo umekunjwa ukawa mstari mmoja mwembamba wa wino. Miji imewekwa karibu kwa sababu, kwa macho ya msomaji wa Cologne, ilikuwa habari ya aina moja, vituo vya njia ya Ureno kwenda India. Hakuna kisanduku kilichoifunika bahari iliyo kati yao. Bahari hiyo imeondolewa kwa kupanga.

Miaka mia mbili na hamsini baadaye umbo limepinduka. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, akiwa na manowari Leven na Barracouta, alikuwa akiipima pwani ya Afrika alipofika Mombasa Februari 1824. Wamazrui, waliokuwa wakitawala mji wakati huo, walitaka ulinzi dhidi ya Sayyid Said wa Oman, Owen akaukubali, na bendera ya Uingereza ikapepea mjini hadi 1826. Luteni John James Reitz, aliyeachwa kusimamia, alifariki mwaka ule ule wa 1824, na jina lake likabaki Port Reitz. Jina la manowari likabaki kwenye ngazi. Kazi ya watu hawa ilikuwa kutengeneza chati, na chati ya baharini ina adabu yake ya ukurasa. Bara ni karibu nyeupe. Kinachochorwa huko ni kile tu kinachomsaidia nahodha kujua alipo: kilima, mnara, ngome, mti mkubwa unaoonekana mbali. Maji ndiyo yaliyojaa. Kuna tarakimu za kina kwa pima, alama za mchanga, matope na mwamba, mistari ya miamba, mahali pa kutia nanga. Jina la chati, skeli na maelezo huwekwa bara, penye weupe.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni ambayo sijaikuta katika mwongozo wowote wa programu: ufunguo huwekwa pale ambapo msomaji hatarajiwi kufika. Nahodha hatarajiwi kupita mtaa wa ndani kama Makadara, kwa hiyo Makadara hubeba jina la chati. Mtalii hatarajiwi kushuka majini, kwa hiyo bandari hubeba ufunguo. Kila mmoja hupewa kisiwa kilichochongwa upande mmoja. Ila chati ilikuwa na udhuru mkubwa, kwa kuwa ilitengenezwa na mabaharia kwa ajili ya mabaharia, na mji haukuhesabiwa kuwa wao. Ramani ya leo huitwa ramani ya Mji wa Kale. Huo ni mji uliojengwa kwa sababu ya bandari, na bandari ndiyo iliyofunikwa.

Sasa tuingie ndani ya programu, maana udhaifu huu si wa mchoraji peke yake. QGIS, programu huria inayotumiwa na wapimaji, wanafunzi na ofisi nyingi za Afrika Mashariki, ina mirundiko miwili, na asiyeitofautisha atahangaika. Mrundiko wa kwanza ni wa matabaka ya data: nchi kavu chini, juu yake majengo, juu ya majengo barabara, juu ya barabara majina. Mrundiko wa pili uko katika dirisha la ukurasa wa kuchapia. Humo kila kitu ni kipengee: fremu ya ramani, ufunguo, skeli, dira, kichwa, picha. Orodha yao hukaa kando ya ukurasa. Kilicho juu katika orodha ndicho kilicho juu katika karatasi, na unaweza kukipandisha, kukishusha, kukifunga kisisogee, kukizima kisionekane, au kuvifunga kadhaa pamoja viwe kundi. Jambo la kushika ni kwamba ramani yote, na matabaka yake yote, ni kipengee kimoja tu katika mrundiko huu wa pili. Ufunguo unaweza kulala juu ya ramani nzima au kujificha chini ya ramani nzima. Kupenya kati ya bahari na ufuo hauwezi, si kwa njia ya kawaida.

Na bahari yenyewe iko wapi? Mara nyingi haimo hata katika mrundiko wa kwanza. Data ya mwambao huja kama poligoni za nchi kavu. Tunazipaka rangi ya mchanga, kisha tunaiambia fremu kwamba mandharinyuma yake ni buluu. Basi bahari haina mstari wake katika orodha ya matabaka, haina kitufe cha kuwasha na kuzima, haina jedwali la sifa. Ni msimbo wa rangi uliobaki pale nchi kavu ilipokosekana. Mchoraji anayeweka ufunguo juu ya maji hapati onyo lolote kwamba amefunika kitu, kwa sababu kwa hesabu ya programu hajafunika kitu. Angeuweka juu ya msikiti, angeuona msikiti ukitoweka.

Kuna pia uhaba wa data. Watu wa kujitolea wa OpenStreetMap wanaweza kuchora paa la kila nyumba ya mtaa wa Kibokoni kwa kutazama picha ya satelaiti. Kina cha maji hakionekani kwenye picha hiyo. Gridi ya GEBCO ya kina cha bahari, ambayo yeyote anaweza kuipakua bure, ina hatua ya sekunde 15 za digrii, yaani karibu mita 460 hapa kwetu, na pikseli moja ya namna hiyo hukaribia kuumeza upana mzima wa mlango wa maji kati ya Mji wa Kale na English Point. Chati za majini zina vipimo vya kutosha, lakini kuvihamisha hadi kwenye mradi wako ni kazi ya mkono na ya ruhusa. Naelewa kwa nini wengi huishia kwenye buluu ya bapa. Sikubali tu kwamba kukosa tarakimu za kina ni kukosa cha kuandika. Jina la bandari, mahali pa manowari, gati, soko la samaki lililo ukingoni, ng'ambo inayoonekana kwa macho: vyote hivyo vinaweza kuchorwa kwa saa chache na mtu anayekaa hapa.

Dar es Salaam wameshaonyesha kwamba maji yanaweza kupandishwa juu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi na wakazi wa kata mitaani kuchora mitaro, mito na mahali mafuriko yanapofika, na ramani zake zikachapwa kwa karatasi. Mtaro, ambao katika ramani ya kawaida ungekuwa uzi mdogo uliopotea chini ya barabara, ukawa habari kuu ya ukurasa. Hawakuhitaji programu nyingine. Waliamua kwanza msomaji ni nani, yaani mtu ambaye nyumba yake hujaa maji, na mpangilio wa matabaka ukafuata.

Kwa Mombasa kuna ufundi wa fremu mbili ambao ningependa kila mpangaji aujue. Nakili kipengee cha ramani na uweke nakala juu ya mwenzake, kwa skeli ile ile na mipaka ile ile. Fremu ya chini iachie maji na vilivyomo. Ya juu iachie nchi kavu, na uizime mandharinyuma yake ili pasipo ardhi pawe wazi. Funga matabaka ya kila fremu ili ukibadilisha kitu katika mradi zisivurugike, kisha zifunge zote mbili zisisogee. Sasa kitu chochote kinaweza kuingizwa katikati yao, juu ya maji na chini ya mwambao. Ukuta wa ufuo unapita juu ya ukingo wa kisanduku, Ngazi za Leven zinashuka juu yake, gati linakivuka. Kwa macho, kisanduku kinaacha kuwa kibandiko na kuwa kitu kilichoko ng'ambo ya ufuo. Tahadhari moja tu: ukitumia mbinu za kuchanganya rangi kati ya fremu hizo, au uwazi mwingi, programu italazimika kuigeuza sehemu hiyo kuwa picha ya nukta wakati wa kutoa PDF, na mistari myembamba ya vichochoro itapoteza ukali wake. Afadhali rangi nyepesi isiyo na uwazi.

Ufundi huu unauokoa ufuo, hauiokoi bandari. Nimeutazama ukitumika vizuri na bado nikahisi kuna lililobaki. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama kanga, ambayo nayo ni mstatili uliochapwa, wenye mpaka, uwanja wa katikati na maandishi. Nenda Biashara Street, kwenye duka la Kaderdina Hajee Essak lenye chapa ya Mali ya Abdulla, utazame kanga zilizotandazwa. Jina la kanga hukaa ndani ya uwanja wa kati, chini, na halijapandishwa juu ya ua au korosho lililokuwapo kabla. Msanii alipoanza kuchora alijua maandishi yatakuja, akawaachia maua njia ya kuyazunguka. Pindo limebeba uzito wa nje ili katikati papumue. Katika ramani zetu mambo huenda kinyume: mji huchorwa ukakamilika, ndipo maandishi yanatafutiwa pa kulala.

Upande wa mji nao una hesabu zake, na hapa skeli ndiyo inayotawala. Mji wa Kale una takriban hekta 72. Kwa skeli ya 1:5,000, ambapo sentimita moja ni mita 50, eneo hilo linachukua sentimita za mraba 288, chini ya nusu ya karatasi ya A4. Kichochoro cha mita 2 kinakuwa milimita 0.4. Bado kinachorika, na kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi kinapata karibu nukta tano za upana. Chora kisiwa chote, kilomita za mraba kama 14, kwa 1:25,000, nacho kitaingia kwenye A4 hiyo hiyo, lakini kichochoro sasa ni milimita 0.08, chembamba kuliko mstari wowote unaoweza kuuamini. Mchoraji wa kisiwa kizima hukinenepesha ili kionekane, na kukinenepesha ni kuwanyang'anya majirani nafasi. Kwa hiyo ramani moja ya kisiwa haiwezi kuwa ramani ya Mji wa Kale hata ikipanuliwa kwenye mashine ya fotokopi. Zinahitaji fremu mbili, na ile ndogo ya kisiwa iwe na mstatili unaoonyesha mji uko wapi.

Kisha majina. Herufi za pointi 7 zina kimo cha kama milimita 2.5, ambazo kwa 1:5,000 ni zaidi ya mita 12 za mji. Jina la Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, linachukua zaidi ya sentimita 2 kwa urefu, yaani zaidi ya mita 100: linaufunika msikiti wenyewe, majirani wake na vichochoro vinavyoufikia. Mpangaji hulizungushia jina uzio mweupe ili lisomeke, na uzio huo hula hata zaidi. Fanya hivyo kwa Ndia Kuu, kwa Barabara ya Mbarak Ali Hinawy, kwa Langoni, kwa Kibokoni, na mji uliosifika kwa vichochoro utakuwa mji wa vipande vya vichochoro. Tangu toleo la 3.12 QGIS inaruhusu uzio wa herufi ufute tabaka moja na kuliacha jingine. Basi swali linakuwa bayana: jina likija, nani alipishe? Kwa ramani ya mwenda kwa miguu ningetoa mistari ya kuta za nyumba na kuviacha vichochoro, kwa sababu kichochoro kilichokatika humpoteza mtu. Kwa ramani ya uhifadhi, ambamo kila nyumba ni jambo la sheria tangu mji ulipowekwa chini ya hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ningefanya kinyume na kuyahamishia majina pembeni kwa nambari. Ukurasa mmoja unaojaribu kuwatumikia wote wawili huwadhulumu wote wawili.

Ngome inataka uangalizi wa peke yake. Giovanni Battista Cairati aliichora, na Wareno wakaijenga kati ya 1593 na 1596, kwa kufuata fikra ya wakati wake kwamba ulinganifu kamili umo katika mwili wa mwanadamu. UNESCO ilipoiingiza katika Urithi wa Dunia, 2011, eneo lake pamoja na handaki lilikuwa hekta 2.36. Kwa 1:5,000 hizo ni sentimita za mraba 9 na zaidi, umbo moja lenye pembe kali na mabawa, katikati ya viumbo vidogo mamia. Jicho litakwenda kwake hata likichorwa kwa kijivu hafifu. Kwa hiyo naona ni kosa la umbo kuipaka rangi nzito kuliko zote, kuiandika kwa herufi nene kuliko zote, kisha kuongeza picha yake pembeni. Ina nguvu yake tayari. Rangi nzito ipewe vitu ambavyo umbo lao halijitetei, kama visima, mabaraza na misikiti midogo ya mitaani.

Sasa dira. Programu huiweka kwa kubofya mara moja, na wengi huiacha kona ya juu kulia, juu ya maji tena. Kitaalamu hapa Mombasa haina utata. Kisiwa kiko karibu na meridiani ya kati ya kanda ya 37 Kusini ya UTM, na tofauti kati ya kaskazini ya gridi na kaskazini halisi haifiki hata dakika tatu za digrii. Lakini Mji wa Kale una dira iliyojengwa kwa mawe. Makka iko longitudo ya karibu 39.8 Mashariki, Mombasa karibu 39.7. Kibla yetu, kwa hiyo, ni kaskazini, kwa kasoro ya chini ya nusu digrii. Kibla cha msikiti wa Mji wa Kale, kile kijiumbo kinachojitokeza nje ya ukuta ambamo imamu husimama, huonyesha juu ya ukurasa. Mpangaji akikichora kibla katika alama ya msikiti, badala ya kuweka mwezi na nyota kwenye kitone, ameitawanya dira mtaa kwa mtaa, na mtu aliyesimama mlango wa Msikiti wa Basheikh anaweza kuigeuza karatasi kwa kuangalia jengo lenyewe. Kaskazini kuwa juu si amri ya maumbile. Al-Idrisi, aliyeikamilisha ramani yake ya dunia mwaka 1154 kwa Mfalme Roger wa Sicily, aliiweka kusini juu. Kwetu, hata hivyo, kaskazini juu ina sababu ya mahali penyewe, na ningependa mpangaji aitumie kwa kuijua.

Kuna tatizo moja la matabaka ambalo halionekani hadi limeshaharibu. Ramani za zamani za Idara ya Upimaji ya Kenya zimejengwa juu ya datumu, yaani msingi wa vipimo vya mahali, ya Arc 1960, ilhali GPS ya simu na data nyingi za mtandaoni hutumia WGS 84. Ukipakia karatasi ya zamani iliyotambazwa na kuipa datumu isiyo yake, kila kitu ndani yake kitasogea takriban mita 300 kwenda kaskazini. Kwa 1:5,000 hizo ni sentimita 6. Ngome inahama ilipo na kuzikalia nyumba za Ndia Kuu, na ufuo wa zamani unakatiza mjini. Mtu angedhani kosa kubwa hivyo litajitangaza lenyewe. Halijitangazi kama tabaka la juu limejazwa rangi isiyopenyeza, maana lile la chini halionekani tena la kulinganishwa nalo. Ndiyo sababu napendekeza kwamba kabla ya kuupamba ukurasa, kila tabaka lijaribiwe likiwa mistari mitupu, bila rangi ya kujaza, juu ya picha ya satelaiti, na Ngome iwe kipimo: pembe zake ni kali, hazidanganyi.

Basi ufunguo ukae wapi? Nimesikia jibu la haraka, kwamba ufuate chati na uhamie bara, magharibi ya Barabara ya Digo. Silikubali. Huko kuna mitaa kama Majengo, na watu wa huko watauliza kwa haki kwa nini mitaa yao ndiyo igeuke ubao wa matangazo. Kuhamisha kisanduku kutoka kwa mvuvi kwenda kwa mkazi wa Majengo hakurekebishi lolote. Nafasi lazima itoke kwenye karatasi yenyewe. A4 iliyosimama, kwa 1:5,000, inakupa kilomita moja tu ya upana, ndiyo maana kila mtu analazimika kufunika kitu. A3 iliyolazwa inakupa sentimita 42, yaani kilomita 2.1. Kata sentimita 8 za kushoto ziwe pambizo, nje kabisa ya fremu, na humo uweke kichwa, ufunguo, skeli, tarehe ya data na ramani ndogo ya kisiwa yenye Makupa, Nyali na Likoni, ili mgeni aone kwamba mji huu una njia za kutoka. Kinachobaki, kilomita 1.7, kinatosha kuuchukua mji tangu Barabara ya Digo, mlango wa maji, na ukingo wa English Point ng'ambo.

Katika karatasi hiyo bahari ni tabaka lenye jina, lenye nafasi yake katika orodha, juu ya mandharinyuma na chini ya mwambao. Bandari ya Kale imeandikwa ndani ya maji, kwa herufi zilizoachana ili zifuate urefu wake. Santo António de Tanná ina alama yake na mwaka wake. Kina, pale kilipopatikana kwa ruhusa, kimechorwa kwa mistari mitatu ya unene tofauti badala ya vivuli vya buluu, kwa sababu karatasi hizi hupigwa fotokopi nyeusi na nyeupe kabla ya kufika mikononi mwa wanafunzi wengi. Kwenye fotokopi buluu na mchanga hutoka kijivu kimoja, ufuo ukabaki mstari mmoja usiojulikana upi ni upande wa maji. Mistari ya unene inavuka salama.